Chuma cha Roberta

Farasi aliyekufa alikuwa wa Roberta Skaar, na chuma kilichomuua, watu walisema, kilikuwa cha Roberta vilevile. La kwanza lilikuwa kweli. La pili alilisikia Jumatatu asubuhi kwenye duka la chakula cha mifugo, akiwa na gunia begani, kutoka kwa mtu aliyekuwa mbele yake na ambaye hakujua nani amesimama nyuma.

"Ni kazi ya Skaar ile," mtu yule alimwambia muuzaji. "Imeachia pale kwenye kona ya mto. Mama mkono umeshachoka."

Muuzaji alimwona Roberta, akajifanya anahesabu chenji. Roberta aliliweka gunia chini taratibu, akatoka bila kununua kitu.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Thelathini kati ya hiyo aliimalizia ndani ya karakana ya mabati, mwishoni mwa mji wao mdogo huko Montana, akichomelea mageti na majembe ya matrekta, na zaidi ya yote vyuma vya kuvutia matrela. Kila vuli wawindaji hupachika vibanda vya kulala migongoni mwa pikapu zao, vibanda vyenye kitanda na jiko, kisha hutaka kuvuta na trela la farasi. Tatizo ni kwamba kibanda huning'inia nyuma kupita bampa, trela halilifikii tundu la kuvutia mpaka uchomeke chuma cha kurefusha. Hapo ndipo walipomtafuta Roberta. Mteja akiingia hakuulizwa habari za nyumbani. Aliulizwa, "Kimezidi bampa kwa futi ngapi?" Na jibu likiwa baya aliambiwa hivyo hivyo, usoni.

Shemeji yake, Duane Kessel, mume wa dada yake Colleen, alikuwa na chuma cha futi mbili ambacho Roberta alimtengenezea miaka sita nyuma kwa ajili ya kibanda chake cha zamani. Hakikuwahi kumsumbua. Oktoba hiyo Duane akanunua kibanda kipya, kirefu kama sebule, akakileta karakana akichekelea.

"Shemeji, niongezee futi mbili tu kwenye chuma kile kile."

"Siongezi."

"Hata hujapima."

"Nimepima kwa macho. Futi nne kwa bomba moja, halafu farasi wawili nyuma? Chuma kikirefuka, mzigo ule ule unakikandamiza zaidi. Wewe unahitaji cha mabomba mawili, moja juu ya jingine, na tundu jipya chini ya gari, na minyororo ya kukibana pembeni kisiyumbe. Niachie gari wiki mbili."

"Bert, msimu unafunguliwa Jumamosi," Duane alisema, akimwita kwa kifupi cha jina lake.

"Basi kalale kwenye hema kama alivyolala baba yako."

Duane alicheka. "Dubu wenyewe wanakuogopa wewe. Haya, nitaazima gari la rafiki yangu Stan, halina kibanda. Na Pepper utanipa kama kila mwaka?"

Pepper alikuwa farasi jike wa Roberta, wa miaka kumi na mmoja, mpole kiasi kwamba watoto wa jirani walimpanda bila tandiko. Roberta hakuwinda tena tangu goti limharibikie, na hakupenda mnyama akae bure.

"Kwa gari la Stan, ndiyo," alisema.

Jumamosi asubuhi, kwenye barabara ya kando ya mto, trela lilichomoka nyuma ya kibanda kile kile kipya, likabingirika juu ya mawe. Farasi wa Duane alitoka na michubuko. Pepper alivunjika miguu yote miwili ya mbele, na askari wa barabarani ikabidi ampige risasi pale pale. Duane alipopiga simu alisema, "Chuma kimekatika, Bert. Kile chuma chako." Siku hiyo Roberta hakuuliza habari za chuma. Aliuliza tu Pepper amelala wapi.

Sasa, akirudi kutoka dukani, alikuta wateja wawili wamemwachia ujumbe kwenye simu kwamba wameghairi kazi. Hasira yake haikuwa ya kelele. Ilimshika kwenye taya, meno yakauma. Akapanda gari, akaenda moja kwa moja kwenye yadi ya Orrin Babb, mahali magari ya ajali yanapowekwa.

"Nataka kukiona," alisema.

"Watu wa bima hawajaja bado," alisema Orrin.

"Sikukuuliza habari za bima."

Orrin alimtazama, akachukua funguo.

Kipande kilichobaki kwenye pikapu kilikuwa na alama yake, R.S., aliyoigonga kwa patasi. Ndiyo maana askari aliandika jina lake. Lakini kazi yake ilikuwa nzima, haina hata ufa. Mbele ya hapo, upande wa trela, mtu alikuwa amelikata bomba na kuunganisha futi mbili za bomba jingine, jembamba zaidi, na pale kwenye kiungo chuma kilikuwa kimechomelewa juu juu, mabonge mabonge, kama kinyesi cha kuku. Ndani hakijashika kabisa. Kilikuwa kimepasuka humo humo. Na minyororo ya usalama, ile inayotakiwa kufungwa kwenye gari ili trela likichomoka lisiende peke yake, Duane alikuwa ameifunga kwenye kipande alichoongeza. Kipande kilipokatika, kiliondoka na minyororo yake.

Roberta alipiga magoti pale kwenye matope, goti bovu na zima, akapitisha kidole kwenye kiungo.

"Ulimkataza?" Orrin aliuliza.

"Nilimkataza."

"Basi nenda navyo, vipande vyote viwili. Bima nitawapa picha."

Duane alikuwa kwenye mgahawa, na Stan na mzee mwingine, anakula pai ya tufaha. Roberta aliingia na vyuma viwili mkononi, akaviweka mezani katikati ya vikombe. Kahawa ilimwagika. Watu wakaacha kula.

"Onyesha palipokatika," alisema.

"Shemeji, haya tuyaongelee nyumbani."

"Mimi hukunisema nyumbani. Umenisema dukani, umenisema kwa askari. Weka kidole palipokatika."

Duane alimtazama Stan. Stan alikuwa akikikodolea macho kile kiungo, maana yeye mwenyewe alifanya kazi relini miaka mingi.

"Hii si kazi ya Bert," Stan alisema polepole. "Duane, hii umechomelea wewe. Na gari langu hukuniomba."

Uso wa Duane ukawa mwekundu mpaka shingoni. "Nilikuwa na haraka," alisema. "Nilidhani kitashika. Na walipoona alama yako... sikujua niseme nini."

"Ungesema ukweli. Ulikuwa na siku mbili nzima za kusema."

"Nisamehe, Bert."

"Sitaki msamaha wako. Nataka uende dukani, halafu kwa askari, useme kama ulivyosema hapa. Leo."

Alikwenda. Hilo lazima lisemwe, alikwenda kote, kofia mkononi. Wateja wawili walirudi, mmoja akajifanya alichanganya tarehe. Jioni Colleen alipiga simu akilia kwa hasira kwamba mume wake amedhalilishwa mbele ya mji mzima. "Pepper amekufa, dada," Roberta alimjibu, na Colleen akakata. Hawakuongea mpaka theluji ilipoyeyuka.

Aprili Duane alikuja karakana bila kuchekelea. Alisema Colleen hataki kupanda gari lile mpaka liwekwe chuma cha maana. Roberta alimwacha amesimama mlangoni akamaliza alichokuwa anachomelea, kisha akavua miwani.

"Nitakutengenezea," alisema. "Si kwa ajili yako. Dada yangu ndiye anayekaa kiti cha pembeni."

Kazi ilichukua wiki mbili, kama alivyosema tangu mwanzo. Siku ya mwisho alimlaza Duane chali chini ya gari, akamfanya akaze kila nati kwa mkono wake huku yeye akimsimamia na kumrudisha kwenye ile aliyoiruka. Duane alijaribu kusema neno kuhusu Pepper.

"Kaza," Roberta alimwambia.

Alipoondoka na kibanda chake, Roberta hakumpungia mkono. Alikuwa na hasira ileile ya Oktoba, na hakuona sababu ya kuiacha. Akaburuta geti la mfugaji lililokuwa linasubiri, akawasha moto.