Vifurushi Vinavyosubiri Nusu ya Kitenge

Umande wa Kasulu haujakauka, na Kipriani Ndayikeza ameshatoa vifurushi nje. Anavitandaza juu ya turubai nyuma ya ofisi ya ushirika, anakikung'uta kimoja, anakinusa, anakigeuza. Anatafuta mchwa. Akimaliza atavinyunyizia majivu na kuvirudisha rafuni, kama anavyofanya tangu mwaka 1981.

Tofauti ni kwamba safari hii rafu zenyewe zinang'olewa. Ijumaa chumba kinakabidhiwa kwa kompyuta, na uongozi umesema kitakachokutwa humo kitachomwa.

"Mchwa nimewaweza," anasema mgane huyu. "Wakubwa ndio walionishinda."

Ushirika huu wa wakulima wa Kasulu na Kibondo ulipojenga ofisi ya matofali, wanachama wengi walikuwa wanalala katika nyumba za nyasi. Masika, cheti cha ubatizo kinalowa. Kiangazi, mchwa wanatafuna hati ya shamba. Meneja wa enzi hizo akaruhusu kila familia ilete karatasi zake zitunzwe masjala, bila malipo. Watu wakaleta kadi za kliniki, picha za harusi, na wale waliovuka kutoka Burundi mwaka 1972 wakaleta karatasi zinazoonyesha waliingia lini na wakapokelewa wapi. Siku hizi, mtu anaposimamishwa njiani na kuulizwa yeye ni wa wapi, karatasi hiyo ndiyo inayomrudisha nyumbani kwake.

Kipriani naye alivuka mwaka ule, na mkewe Esteri. Shule aliishia darasa la pili. Majina marefu yalimtoa jasho, mpaka Esteri akampa akili: mwanachama alete kipande cha kitenge, kichanwe katikati. Nusu ifunge kifurushi, nusu aende nayo nyumbani. Siku ya kuchukua, mchoro na mpasuko wa nusu hizo mbili ukikubaliana, anapewa. Asiye na nusu hapewi.

"Hata mwenyekiti nilimrudisha," anasema. "Alikuja na tai. Nikamwambia, mzee, tai si kitenge."

Anacheka kidogo, kisha anaacha. Mama mmoja anaingia uani, miguu imejaa vumbi jekundu. Ni Immakulata, mkulima wa Kasanda, upande wa Kibondo. Amelala njiani juu ya lori la maharage.

"Mwakeye, mzee," anaamkia kwa Kiha, na kutoa kishati cha mtoto. "Nusu yangu hii hapa."

Kipriani anakigeuza kishati. Mgongoni kuna kiraka cha kitenge chenye kuku wa njano. "Umeishonea?"

"Shati lilitoboka, baba. Na kitenge hicho kigumu, hakitoboki upesi."

"Na mtoto je?"

"Nimemwacha kifua wazi. Ananuna."

Mzee anainama kwenye turubai, anarudi na kifurushi, anaweka kuku kwa kuku. Vinakubaliana. Immakulata anakikumbatia kama aliyepokonywa kitu akarudishiwa.

"Nimesikia kwa muuza ndizi, mzee. Kwa muuza ndizi. Mngetuma mtu."

Kipriani ananyoosha kidole mlangoni, kwenye karatasi iliyopigwa chapa na muhuri. "Tangazo ndilo hilo. Wanataka mtu wa Kasanda alisome akiwa Kasanda."

Nestori, mhasibu, anachungulia dirishani. "Mzee Kipriani, mimi nimetumwa tu. Kompyuta inatunza majina na kilo za kahawa. Picha za harusi haina pa kuziweka."

"Basi mmenunua mizani, mkaiita masjala."

Nestori anafunga dirisha.

Kipriani anasema hana ugomvi na mashine. Aliomba gari tu, vifurushi vipelekwe vijijini kabla ya Ijumaa. Akajibiwa mafuta hakuna. Wiki hiyo hiyo gari likaenda Kigoma kuleta mapazia ya kuikinga kompyuta na vumbi. "Mapazia yalipata mafuta," anasema, na sauti yake inashuka. "Mimi ndiye niliyewaambia watu waleteni, hapa ni salama. Leo nimekuwa mwongo kwa kazi ya wengine."

Kwa mshahara wa shilingi 24,000 kwa mwezi, nyumba yake bado ni ya nyasi. Ndiyo maana mwisho wa turubai kuna kifurushi chake pia, kimefungwa kwa kitenge cha bluu kilichopauka. Ndani mna picha yake na Esteri, siku ya ndoa. Hawakupiga nyingine.

Esteri alifariki miaka minne iliyopita. Nusu yake alikuwa akiifunga kwenye pindo la nguo. Alizikwa na nguo ile, na katika kilio kile hakuna aliyekumbuka kulifungua pindo. Kipriani hajakifungua kifurushi tangu hapo.

Nestori amemwambia mara nyingi: "Ni chako, mzee, fungua tu."

"Nimewarudisha wangapi kwa kukosa nusu?" anauliza Kipriani. "Nijipe mwenyewe kwa nusu ipi?"

Alhamisi atapanda lori la maharage, baiskeli juu ya magunia, vifurushi vyote ndani ya turubai. Katekista Sylvesta wa Kasanda amekubali kutoa chumba chenye bati. Kila Jumapili baada ya misa, Kipriani atavitundika kwenye kamba nje ya kanisa, kila mtu atambue kitenge chake. Vya watu wa Kasulu atarudi navyo baadaye kwa lori, avitundike vivyo hivyo.

Na kile cha bluu?

"Hicho sitakitundika," anasema, huku akikikung'uta taratibu kuliko vingine. "Nimewaambia wanangu, siku yangu ikifika waniwekee mkononi hivyo hivyo kilivyofungwa. Nusu yake najua iliko."