Kidoli Tumboni mwa Chato

Mjini Xochimilco, Bi Eufrasia Galicia alijulikana kwa maua mazuri aliyouza sokoni na kwa mkono wake wa birika. Kila Januari ukoo wake ulikata mkate wa duara wa sikukuu ya Wafalme Mamajusi, na atakayekuta kidoli cha plastiki kwenye kipande chake ndiye huwapikia wote tamale, maandazi ya mahindi yaliyofungwa kwa maganda, siku ya Kandelaria mwezi wa Februari. Bi Eufrasia eti hajawahi kukikuta. Mwaka huu alikitemea kiganjani, akakidondosha kwenye tangi la Chato, kisha akaendelea kunywa chokoleti yake, macho makavu.

Chato alikuwa ajolote wake, jamaa wa chura mwenye miguu minne, mkia, na mashavu ya kupumulia yaliyochanua nje ya kichwa kama manyoya. Ajolote hana muda wa kuchagua. Kinachoenea mdomoni hukivuta pamoja na maji, kwisha habari.

Kesho yake Chato alisusa minyoo. Tumbo lilimfura, akawa anaelea ubavuubavu. Bi Eufrasia akachungulia tangini, kidoli hakipo, na roho ikamruka. Tangu mumewe afariki, kiumbe pekee aliyemsikiliza bila kumkatiza alikuwa Chato.

Mkwewe Yareli alimwita Ubaldo, daktari wa mifugo. Daktari akapima maji, akatazama mashavu.

"Fangasi si yenyewe, ningeona utando kama pamba. Joto la maji liko sawa. Huyu amemeza kitu. Kama ni mchanga, namweka kwenye maji baridi ndani ya friji, atautoa mwenyewe. Kama ni kigumu, lazima nikitoe kwa kibano sasa hivi, kabla hakijashuka. Nikikisia vibaya, namuua."

"Mama, umempa nini?" Yareli akauliza.

"Mimi? Hata wewe sijawahi kukupa kitu!"

"Hilo mtaa mzima unalijua, mama."

Mashemeji wa Yareli, waliojazana mlangoni, wakacheka. Bi Eufrasia alitamani ardhi ipasuke. Chato akapinduka, tumbo juu.

"Kidoli," Bi Eufrasia akasema, macho sakafuni. "Cha mkate. Nilikificha humo."

"Ahaa! Na cha mwaka jana?" Yareli akadakia.

"Cha mwaka jana nilikimeza mwenyewe. Daktari, acha kucheka, fanya kazi!"

Ubaldo akatia dawa ya usingizi majini, akasubiri Chato alegee, akaingiza kibano taratibu. Kidoli kikatoka, kimejaa ute. Chato akarudishwa kwenye maji safi. Akakaa bila kujitikisa, mpaka Bi Eufrasia akaanza kusali kwa sauti. Kisha mashavu yakatikisika, mkia nao ukapiga maji. Bi Eufrasia alilia mbele ya watu bila haya yoyote.

Akajifuta kwa aproni, akamgeukia Yareli.

"Ukoo wetu sisi ni watu wangapi?"

"Arobaini na kitu, mama. Ukiwahesabu na jamaa wa mji wa Tláhuac."

Bi Eufrasia akakiokota kidoli, akakifuta ute.

"Waite na wa Tláhuac. Na waambie waje na njaa."