Daktari wa Kibirizi

Nilikuwa daktari Kibirizi kwa miaka miwili, kabla hata sijamaliza kidato cha sita. Cheo nilipewa na mama. Mama anaanika dagaa juu ya chanja za miti pale ufukweni, yake ni ya tatu ukitokea kwenye mitumbwi, na siku nilipopangiwa kusoma Fizikia, Kemia na Biolojia kidato cha tano, aliwatangazia wanawake wa chanja zote kwamba nyumba yake inatoa daktari. PCB kila mtu anaijua, na kila mtu anajua inaelekea wapi. Kuanzia hapo, nikirudi likizo, sikuitwa tena kwa jina langu.

Mgonjwa wangu mkubwa alikuwa bibi mmoja wa chanja ya jirani, aliyevuka ziwa kutoka upande wa Kongo akiwa bado msichana.

"Docta," alikuwa akiniambia, huku ameshapandisha kitenge, "hii goti iko inanisumbua sana. Unaionaje?"

Nililitazama goti, nikalibonyeza mahali pawili au patatu kwa uso wa mtu anayejua, nikamwambia anywe maji ya kutosha. Mwenye kikohozi nilimwambia anywe maji ya kutosha na akae mbali na moshi. Aliyekuwa anaota ndoto mbaya naye nilimshauri maji. Tulikuwa mbele ya Ziwa Tanganyika, kwa hiyo hakuna aliyelalamika kwamba dawa zangu ni adimu.

Ukweli ni kwamba PCB niliisoma wiki tatu tu. Shule ilikuwa ya bweni, safari ya kutwa nzima kwa basi kutoka nyumbani, na Fizikia ya kule ilinitoa jasho kuanzia siku ya kwanza. Mwalimu alijaza ubao, akageuka, akauliza, "Tuko pamoja?" Darasa lote likaitikia ndiyo, na mimi nikaitikia kwa sauti kuliko wote, ilhali sikuwa pamoja na mtu yeyote. Wiki ya tatu nilipita mbele ya darasa la CBG, wanaosoma Kemia, Biolojia na Jiografia. Mwalimu wa Jiografia alikuwa ametundika ramani ya maziwa, anaeleza kwamba Ziwa Tanganyika lina kina kirefu mno, kiasi kwamba kule chini maji hayana oksijeni na hakuna samaki anayeweza kuishi. Samaki wetu wote, alisema, wanaishi katika tabaka la juu tu.

Nilisimama mlangoni nimeduwaa. Maji yale nimeyaoga na nimeyanywa tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kuniambia kuwa kule chini hakuna samaki hata mmoja. Nilitaka kujua mengine yote ambayo sikuambiwa. Siku hiyohiyo nilikwenda kwa mwalimu wa taaluma kuomba kubadilisha masomo. Akaniuliza kama nyumbani wanajua, nikasema wanajua.

Nilikusudia kumwambia mama likizo ya kwanza. Nikashuka kwenye basi nikamkuta ananisubiri na wanawake wanne, mmoja amebeba mtoto mwenye upele. Nikaahirisha. Likizo ya pili nikaahirisha tena, maana kufikia hapo uongo ulikuwa umeota mizizi. Niseme tu kwamba nilikuwa mwoga. Mama yangu nampenda na ninamwogopa, kwa vipimo vinavyokaribiana sana. Alinilea peke yake kwa dagaa, na tangu aanze kuitwa mama daktari alikuwa anatembea kichwa juu ufukweni. Udaktari bila Fizikia hauwezekani, na mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia hivyo.

Matokeo ya kidato cha sita yalitoka, na yalikuwa mazuri. Dirisha la maombi ya vyuo likafunguliwa. Nikamwambia mama, kwa sauti nyepesi kabisa, kwamba naweza kwenda mjini peke yangu nikajaze, asijisumbue.

"Subiri mbalamwezi," akasema. "Jambo kama hili haliendi bila mzazi."

Kibirizi tunaishi kwa mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazifanyi kazi, mitumbwi inapumzika, chanja zinabaki tupu, na hizo ndizo siku ambazo watu wa ufukweni hufanya mambo yao yote: harusi, hospitali, vyeti vya kuzaliwa, ugomvi na mashemeji. Basi nikasubiri. Nilijipa moyo kwamba nitamvuta mama pembeni tukiwa mjini, sisi wawili, mbali na chanja, nimweleze taratibu. Nilichosahau, mimi mtoto wa pale pale, ni kwamba kila mzazi wa Kibirizi alikuwa anasubiri mwezi huohuo.

Tulipofika mjini kwenye steshenari ya Mwanga, duka wanakojaza maombi kwa kompyuta, tulikuta nusu ya ufukwe imepanga foleni. Bibi wa goti alikuwepo na mjukuu wake wa kike, nyuma yetu kabisa. Mama alisalimia mstari mzima. Nilijaribu kumvuta pembeni mara mbili, akaniambia nisipoteze nafasi.

Dada wa steshenari aliingiza namba yangu ya mtihani, akasubiri, akatugeuzia kioo cha kompyuta.

"Hizi ndizo kozi zinazomkubali," akasema.

"Weka udaktari," akasema mama.

"Haupo, mama."

"Tafuta vizuri."

"Hauwezi kuwepo. Huyu amesoma CBG."

"Huyu amesoma PCB."

Dada akanitazama. Mimi nikatazama kalenda ya ukutani. Akarudi kwa mama, kwa upole wa mtu aliyezoea wazazi. "Mama, mashine inasoma matokeo yake yenyewe. Mimi siandiki kitu."

"Basi mashine imekosea. Iambie huyu ni daktari. Kibirizi yote inamjua."

"Ni kweli," akasema bibi kule nyuma. "Miye mwenyewe alinitibu."

Nikasema, "Mama, mashine haijakosea. Nilibadilisha."

Foleni nzima ilitugeukia. Mama alinishika mkono juu ya kiwiko, tukatoka, tukaketi kwenye ngazi ya nje. Akafungua kitenge chake, akakifunga upya, akakifungua tena.

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu."

"Ya mwaka huu?"

"Ya kidato cha tano, mama."

Nilikuwa tayari kwa makofi, kwa machozi, kwa lolote. Kisha akauliza, "Yule mtoto mwenye upele, ulimwandikia nini?"

"Maji. Aogeshwe, na anywe."

"Na goti la bibi?"

"Maji."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na kweli machozi yalikuwepo, lakini alikuwa anacheka, anajikaza asicheke, na anashindwa. "Bibi wa watu anamaliza ndoo," akasema. "Usiku anaamka mara tano, na kila akiamka anakusifu." Tukacheka pale ngazini mpaka mpita njia mmoja akasimama kututazama. Halafu mama akafuta uso na upindo wa kitenge, akawa mama tena.

"Umenidanganya," akasema. "Na umenifanya niudanganye ufukwe mzima. Hilo sijalimaliza na wewe."

"Nisamehe, mama."

"Sijalimaliza, nimesema. Haya, kwenye hiyo orodha kuna nini?"

Tukarudi ndani. Kwa heshima, watu walikuwa wametushikia nafasi, wakijifanya hawakusikia kitu. Dada akasoma: ualimu, misitu, mazingira, kilimo, uvuvi na ufugaji wa samaki.

"Samaki wanasomewa?" akauliza mama.

"Miaka mitatu."

"Miaka mitatu, samaki." Aliwageukia wenzake wa foleni ili nao wayabebe maneno hayo. "Huyo anayefundisha, amewahi kuanika dagaa mvua ikiwa inanyesha?"

Dada alisema hana hakika. Mama akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nianze shule aliniuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake tayari. "Ndiyo hiyo unayoitaka?"

"Ndiyo hiyo." Nilikuwa naitaka tangu siku ya ramani, na sikuwa nimemwambia mtu. Kulisema neno hilo mbele yake kulinifurahisha.

Chuo tulichagua kwa kigezo cha mama. Kila dada alipotaja mji, mama aliuliza, "Treni yetu inasimama?" Mwanza ningeitaka mimi, kwa sababu ina ziwa, lakini aliikataa kwa kuwa mzigo atakaonitumia unabadilishwa treni Tabora, na dagaa wakishushwa Tabora, alisema, hawafiki salama. Mtu anayesoma samaki hawezi kulishwa maharage miaka mitatu. Morogoro treni inasimama. Morogoro ikawa chaguo la kwanza.

Mwezi ulipopungua mitumbwi ilirudi ziwani, na asubuhi ya kwanza chanja zilijaa. Siku iliyofuata nilikuwa nageuza dagaa na mama, bibi alipokuja na goti lake.

"Huyu magoti hajui," mama akamwambia kabla sijafungua mdomo. "Hajawahi kujua. Anakwenda kusomea dagaa."

Bibi alinitazama, akalitazama goti. "Lakini ilikuwa imeanza kupona," akasema kwa masikitiko. Kisha akachota dagaa kiganjani, wale walionyeshewa na mvua usiku, akaninyooshea. "Sawa. Docta wa dagaa, niambie. Juu ya nini zinageuka njano hivi?"

Wanawake wa chanja za jirani waliacha kugeuza. Jibu lilikuwa linakuja lenyewe ulimini, kama yalivyokuja mengine yote kwa miaka miwili, na lilikuwa na maji ndani yake. Nikalimeza.

"Sijui, bibi," nikasema.

Mama alisimama, mikono ina magamba hadi kwenye viwiko. Nikadhani nimemwaibisha mara ya pili. Akawageukia wenzake na kusema kwa sauti ileile aliyotangazia udaktari wangu, sauti ya kufika chanja ya mwisho.

"Mmesikia? Hajui. Ndiyo maana anakwenda."