Mahindi ya Mbegu Madhabahuni

Mke wangu walimwita Mama Mbegu. Halikuwa jina la heshima, walimcheka nalo. Mahindi yakishakauka shambani, kabla ya kuvuna, alipita mstari kwa mstari na vitambaa mkononi. Shina lililosimama wima, lenye mahindi mawili yaliyofunikwa vizuri, analifunga kitambaa. Hayo hayaliwi. Anayafunga mawili mawili kwa maganda yake, anayatundika jikoni juu ya moto ili moshi uyakinge na fukusi. Miaka thelathini na minane. Nikimwambia mbegu zipo dukani, ananijibu, "Na mke dukani yupo?"

Amekufa wakati wa palizi. Vitambaa mwaka huu nimefunga mimi, kwa macho haya mabovu. Jozi kumi na mbili. Chakula naletewa na binti yangu, lakini moto jikoni nawasha kila asubuhi. Ni moto wa mahindi.

Jumamosi nilikwenda kusaga. Kurudi, kamba tupu.

"Akina mama wa kanisa walikuja kukufanyia usafi, baba," binti akasema. "Mwenyekiti wao akayaona. Kesho ni shukrani ya mavuno. Akasema hayo ndiyo yatapendeza madhabahuni."

"Ukamwacha?"

"Ni ya Mungu, baba. Ningesema nini?"

"Ungesema hapana."

Nyumba inang'aa, na mbegu sina. Huo ndio msaada. Nikaenda kwa mwenyekiti.

"Shemeji, kilichopanda madhabahuni hakishuki," akaniambia. "Jumatatu yote yanakwenda mashineni, unga wa wagonjwa. Marehemu angefurahi."

"Marehemu angekuchapa."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Shemeji na utani wako!"

Sikuwa natania.

Jumapili nikaenda na gunia la mahindi kwenye toroli, nikaliacha mlangoni. Mahindi yangu yamefungwa kwa utepe mwekundu pembeni mwa madhabahu, kama bibi harusi. Nikahesabu jozi. Kumi na moja. Nikahesabu tena. Ya kumi na mbili ilikuwa mimbarini, na mchungaji ameiegemea. Mahubiri yakawa marefu. Shukuruni, shukuruni. Kila akisema, anaikandamiza. Mimi nishukuru nini mwaka huu, sikujua. Nilifuata mahindi.

Wakaita sadaka za mavuno. Nikasukuma toroli katikati ya watu, gurudumu linalia njia nzima. Nikashusha gunia. Kisha nikaanza kufungua utepe.

Mzee wa kanisa akanishika mkono. "Mzee mwenzangu, hayo ni ya Mungu."

"Ya Mungu ni hili gunia. Hayo ni ya kupanda."

"Mtu hutoa, kisha akanyang'anya?"

"Sikutoa. Mlichukua."

Mchungaji akainama. "Baba, sema wote wasikie."

Sijawahi kusema kanisani. Aliyekuwa akisema ni marehemu.

"Haya mke wangu aliyachagua miaka thelathini na minane," nikasema. "Mkiyasaga, mwakani mtaleta nini hapa?"

Mchungaji akatazama jozi iliyokuwa chini ya kifua chake. Akaifungua mwenyewe, akaniletea. "Mfungulieni baba."

Mafundo yaligoma. Mwenyekiti akaja kuyafungua kwa meno, mbele ya wote.

"Si ungesema tu, shemeji," akaninong'oneza, utepe mdomoni.

"Nilisema jana."

Nimeyatundika mchana ule ule, nikawasha moto. Kabla haujashika vizuri, hodi. Mwenyekiti, na bakuli chini ya kanga.

"Shemeji, usinicheke. Mbegu alizonipa marehemu mwaka juzi, nilizipika."

Nikashusha jozi moja, nikapukuchua. Punje za ncha na za kitako nikaweka kando, za kuku. Za katikati nikamtilia bakulini. Ndivyo alivyofanya mke wangu.

"Usizipike."

"Sizipiki, shemeji."

"Naye ulimwambia hivyo hivyo."

Akaondoka bila kusema asante. Nadhani asante zake zote alizimaliza kanisani.