Panauti wa Mtaa Wetu

Hapa Kanpur mtu akikuita mwizi, unaweza kumdai ushahidi. Akikuita panauti, umekwisha. Bibi zetu walilitumia neno hilo kwa nyota mbaya iliyomkalia mtu. Vijana wakalishusha mpaka kwenye kriketi, na sasa ni la kila chenye nuksi: shati panauti, kiti panauti, mkwe panauti.

Jirani yangu Girjashankar, fundi saa mstaafu, alibandikwa neno hilo sebuleni kwa mdogo wake, Kamlesh. Mechi ilikuwa kwenye televisheni, na watu wameketi bila kujitikisa, maana timu ikiwa inashinda, anayehama kiti ni msaliti. Yeye akaingia na sahani ya bajia. Papo hapo mpigaji wetu hodari akatolewa.

"Toka, Kaka, toka! Panauti wewe!" Kamlesh alifoka.

Akatoka. Bajia zilibaki.

Tangu siku hiyo umeme ukikatika, ni yeye. Mtoto wa jirani yetu Mishra, asiyejua kitabu kinafunguliwa upande gani, alipofeli, ikakumbukwa kwamba asubuhi ya mtihani alisalimiana naye.

Kisha Vibha, binti wa Kamlesh, akaposwa. Girjashankar hana mtoto. Yeye ndiye aliyemfundisha Vibha kuendesha baiskeli. Na kwa desturi, kaka mkubwa wa baba ndiye humvisha mkubwa wa upande wa bwana harusi shada la maua langoni. Alishonesha koti kwa ajili ya hilo tu.

Siku moja kabla ya harusi, Kamlesh akaja kwake. "Kaka, mimi mambo haya siyaamini. Ila watu... Njoo maharusi wakishauzunguka moto, ndoa imefungwa. Chakula utakikuta."

"Mimi ni kaka yako, Kamlesh. Nimekuomba chakula?"

Shada likavishwa na Mishra. Mara mvua isiyo ya msimu ikashuka, na hema la jikoni likalalia masufuria. Kamlesh, masharubu yakimchuruzika maji, akanigeukia.

"Unaona, dada? Amekaa huko nyumbani anatuwazia mabaya!"

Vibha alimsikia. Akakusanya sari yake nyekundu, akavuka barabara ndani ya matope, akarudi amemshika Baba Mkubwa mkono, koti limelowa.

"Hema limeshaanguka, Baba," alisema. "Sasa unaogopa nini?"

Girjashankar akasimama mbele kabisa, karibu na moto, na mzunguko wa kwanza ulipoanza, mvua ikakatika.

Watu wakasema bwana harusi ana bahati.