Mrima na Mlima

Mbambakofi ukipasuliwa hutoa harufu yenye uchungu kidogo, kama gome la mti lililochemshwa kwa dawa, na harufu hiyo ndiyo iliyonilea. Nyumba yetu ilikuwa Kibokoni, kisiwani Mombasa, katika kichochoro chembamba kiasi kwamba majirani waliweza kupeana chumvi madirishani bila kunyoosha sana mikono. Chini, katika ukumbi wa nje, Baba alichonga milango. Vumbi la mbao lilipanda ngazi, likaingia vyumbani, likatua juu ya mito na juu ya nywele zetu. Mama alifagia asubuhi, akafagia tena alasiri, na bado wali wetu ulikuwa na ladha ya mlango wa mtu. Nilizaliwa nikiisikia patasi ikigonga, nikadhani kila nyumba duniani ina mapigo yake, kama moyo ulivyo na yake. Ilikuwa miaka ya arubaini, vita vya wazungu vimekwisha, lakini nguo na sukari vilikuwa bado vya kutafutwa, na wenye uwezo wa kuagiza mlango wa nakshi mjini walikuwa wamebaki wa kuhesabika. Ndiyo maana tajiri mmoja wa Moshi alipotuma watu kutafuta fundi wa kumpambia nyumba mpya, Baba alifunga patasi zake ndani ya gunia na kukubali kwenda asikowahi kufika.

Sisi watu wa kisiwani hatujui kwenda juu. Mlima nilioujua mimi ulikuwa ule mteremko wa kushukia bandari ya kale, ambao wachukuzi waliupanda wakiguna chini ya magunia, na nilipomaliza kuupanda mbio niliona nimefanya jambo kubwa. Jioni ya kuamkia safari Baba aliniketisha kwenye baraza, akanieleza habari za mlima ambao nyumba ya tajiri yule ilikuwa chini yake. Alisema ndio mrefu kuliko yote katika bara zima la Afrika, kwamba wa pili ni ule wa Kenya, na wa tatu uko mpakani mwa Uganda, umejifunika mvua mwaka mzima, na kwamba yote mitatu ina barafu vileleni licha ya jua kali. Mimi barafu niliyoijua ilikuja kwa mkokoteni, imefukiwa ndani ya unga wa mbao, na ilikuwa imekwisha nusu kabla ya kufika mlangoni. Sikuelewa ni nani aliyekuwa akiifukia ile ya mlimani.

"Na wakauita kilima," Baba alisema akicheka. "Kilima! Mtu huyo angejenga kasri angeliita kibanda."

"Na kile kilele chake chaitwaje?"

"Kibo."

"Kama Kibokoni?"

"La, mwanangu. Kibo ni kule juu kwa malaika. Kibokoni ni huku kwetu, kwenye vumbi."

Alimwambia Mama kwamba kazi ikimalizika huenda asirudi kwa njia ya Voi. Reli ya Moshi inateremka pia hadi Tanga, na kutoka Tanga angeweza kupanda polepole kwa pwani ya Mrima, apitie Vanga na vijiji vya huko akitafuta magogo ya mbambakofi, kama alivyozoea kufanya kila mwaka. Wasomaji wa bara wanisamehe nikilieleza neno hili: Mrima ni ile pwani ya kusini, ng'ambo ya Likoni, inayoendelea hadi Tanganyika. Kwa fundi wa milango wa Mombasa, Mrima ndiko miti inakotoka. Asubuhi Mama alilia, Baba akamwambia kwamba milima haikutani lakini binadamu hukutana, akaenda zake stesheni.

Nyumba ikabaki mikononi mwa Bibi, mama yake Baba. Bibi alikuwa ameshapoteza nusu ya macho yake, lakini sikio lake lilikuwa la kuogopwa mtaa mzima. Alizitenganisha herufi kama mtu anayechambua mchele. Kuna t ya kwenye meno na t ya juu ya ufizi, na mtoto aliyezichanganya mbele yake alishikwa kidevu na kuulizwa, "Ulimi wako umelala wapi leo, umefumaniwa?" Aliwasahihisha wauza samaki, aliwasahihisha maharusi, na siku moja alimsahihisha mwalimu wa chuo cha Kurani katikati ya maulidi, watu wakainamisha nyuso wakicheka ndani ya mikono. Watu wa bara waliokuja mjini kufanya kazi za bandari na reli aliwahurumia kama yatima. Alisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na sisi watoto tulikua tukiamini kwamba neno likitamkwa sawa haliwezi kumdhuru mtu.

Masika yalikuja mapema na yakakataa kuondoka. Maji yalipita kichochoroni na maganda ya ndizi, kuta zikatoa ukungu wa kijani, na ukumbini chini mbao zilizoachwa zikaanza kujikunja. Hapakuwa na sauti ya patasi. Sijui kama mtu anaweza kueleza jinsi nyumba inavyoumwa na kimya. Nilichokiona ni kwamba Mama alianza kugonga kinu hata kisipokuwa na kitu cha kutwanga.

Alasiri moja mtu alipiga hodi. Alikuwa kijana wa kazi za reli, jina lake Njoroge, amevaa nguo zenye mafuta na makaa, kofia mkononi, maji yakimchuruzika. Alikataa kuingia kwa kuwa miguu yake ilikuwa na tope, na kwa kuwa treni yake haikuwa na muda wa kumngoja. Alisimama kizingitini akasema alichoagizwa.

"Mama, fundi iko mgonjwa. Homa mbaya. Iko mrima. Amesema ndugu yake aende kumchukua upesi."

Bibi alikuwa ameketi juu ya kitanda cha kamba, tasbihi mkononi. Alilikunja paji la uso. "Mrima?"

"Ndiyo, mama. Mrima."

"Ni mbali?"

"Sana, mama."

"Mrima wa mbali," Bibi alimwambia Mama. "Ashapita Tanga basi. Yuko kando ya Vanga huko." Akamwombea kijana yule dua, akampa mkate wa mofa umefungwa kwa jani la mgomba, naye akaondoka akikimbia kwenye mvua.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, na kila mara naishia pale pale. Njoroge alizaliwa katika lugha isiyo na l. Ulimi wake ulipokutana na l uligeukia r, kama maji yanavyofuata mfereji. Baba alikuwa amelazwa katika hospitali ya misheni mteremkoni mwa Kilimanjaro, naye alimwagiza kijana aseme yuko mlimani. Kijana alisema hivyo hasa. Lau angalitamka neno lolote jingine kombokombo, Bibi angalimshika kidevu, angalimrudisha nyuma, na ukweli ungalitoka. Lakini neno lile moja lilitoka safi kabisa, limenyooka, neno la mababu zetu, na Bibi hakuwa na la kusahihisha.

Ami Salim, mdogo wake Baba, alivuka Likoni siku ile ile. Alipita Tiwi, alipita Msambweni, alipanda malori yaliyokwama kwenye tope akashuka na kwenda kwa miguu, akiuliza kila kijiji habari za fundi mwenye homa. Watu wa huko walimjua Baba, na kila mmoja alisikitika na kusema hajapita mwaka huu. Alifika Vanga. Sisi nyumbani tulimngoja huku Mama akipika uji wa mgonjwa kila jioni, endapo wataingia usiku. Uji ule tuliunywa sisi asubuhi, umepoa, umeganda juu. Ami aliporudi miguu ilikuwa imevimba hadi hakuweza kuvua viatu, na alipomwona Mama amesimama juu ya ngazi aliketi pale chini kwenye ngazi ya kwanza, asipande.

Njoroge alikuwa kazini kwenye reli ya Voi na Moshi, na Mombasa alifika kwa nadra. Zamu ilipomleta tena, alikuja moja kwa moja kwetu, safari hii amenawa, ameleta ndizi za Uchagani. Alimkuta Ami barazani.

"Umemwona?" aliuliza kwa furaha. "Amepona?"

"Nimwone wapi? Nimeimaliza Mrima yote!"

Njoroge alimtazama Ami, akaitazama miguu yake. Halafu aliinua mkono polepole, akachora hewani kitu kinachopanda, kinachopanda zaidi, kikafika juu ya paa za nyumba. "Mrima, bwana," alisema. "Ire mrima kubwa. Iko na barafu."

Dirishani juu yao nilimsikia Bibi akivuta pumzi, kisha nikasikia punje za tasbihi zikimwagika sakafuni, moja moja, maana uzi ulikuwa umekatika.

Ami alipanda treni ya jioni. Alipofika kule, Baba alikuwa ameshakabidhiwa kwa Waislamu wa mjini, wakamwosha, wakamswalia, wakamzika. Muuguzi alimweleza Ami kwamba siku za mwisho mgonjwa aliomba kitanda chake kigeuzwe kielekee njia, awaone watu wake wakija.

Mama aliingia eda. Siku ya hitima Njoroge alikuja, akaketi nje kabisa ya baraza, kofia mapajani, kama mtu anayengoja kuhukumiwa. Wanaume walimpita bila kujua wamwambieje. Bibi ndiye aliyejitanda buibui, akashuka ngazi akipapasa ukuta, akampelekea kahawa kwa mkono wake.

"Mwanangu," alimwambia, "wewe ulisema. Sisi ndio tuliosikia."

Kijana yule mkubwa alilia mbele ya watu. Tangu siku ile Bibi hakumsahihisha mtu tena. Tulisema tulivyotaka, tukazivuruga t zote, naye alitusikiliza kwa subira iliyotutisha, na mtu alipomaliza kusema humuuliza kwa sauti ndogo, "Wamaanisha nini?" Hata kwa jambo la chumvi. Alikufa akiwa bado anauliza.

Leo mambo ni mepesi. Kuna simu posta, redio hutangaza wagonjwa na waliofariki kila jioni, na wanangu wanaghani milima ya Afrika kwa urefu wake kama wanaoghani majina ya wachezaji mpira. Kilele kile wamekipa jina la Uhuru, nami nimelifurahia jina hilo kama kila mtu. Habari iliyotupotea sisi ndani ya herufi moja, leo ingefika kabla chai haijapoa. Lakini wepesi huu umekuja na watu wasiomngoja mtu. Hakuna tena apikaye uji kwa ajili ya hatua ambazo bado hazijasikika kichochoroni, na sijui niuite huo uponyaji au hasara.

Mwaka jana nilikwenda Moshi. Msimamizi wa makaburi, mzee wa Kichaga mpole, alinionyesha safu ya makaburi ya miaka ile, hayana majina, nyasi zimeyafunika, akasema Baba ni mmojawapo. Nikawasomea Fatiha wote. Kaskazini kulikuwa na wingu zito tu, kutoka mashambani hadi mbinguni.

"Ngoja kidogo, mama," aliniambia. "Jioni hufunguka, utauona wote mpaka juu."

Nilimshukuru, nikaenda zangu stendi. Baba alitungoja mahali pale hadi pumzi yake ya mwisho, na mimi nilishindwa kuungoja mlima hata hadi magharibi.