Jiko Likeshe, Muziki Ulale

Nilipoaga Mahege, kijiji chetu cha Kibiti, kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi ya hoteli, watu wa kwetu walinipangia na siku ya kurudi: kabla mpunga haujavunwa. Walisema mtoto aliyezoea kulala na kuku hawezi kazi ya usiku. Nitavunja sahani, nitafukuzwa, nitarudi na viatu vya kuazima. Miaka mingi baadaye niliporudi Kibiti na stashahada ya uendeshaji wa hoteli, ambayo mpaka leo imetundikwa sebuleni kwangu, walewale walisema siwezi kusimamisha hata kibanda cha chipsi, sembuse kuutetea mtaa mzima mbele ya wakubwa. Nayaandika haya ili ninyi mnaopanga meza katika mtaa ule wa jioni mjue usiku wenu ulipatikanaje.

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Zamu ya Usiku alinikuta jikoni nimekaa na bakuli la wali. Alikuwa mwanamke mwembamba, hatua zake hazisikiki. Aliliondoa bakuli mikononi mwangu taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Mhudumu hali amekaa," alisema. "Ukikaa wewe, na macho yako yanakaa."

Tangu siku ile nikawa nakula nimesimama. Kwake nilijifunza kupanga kava, yaani nafasi ya mteja mmoja mezani pamoja na sahani, uma na glasi yake, na nilijifunza kumfikia mteja kabla hajainua mkono. Waliosema nitavunja sahani waje waniulize nilivunja ngapi.

Kutoka Dar nilipelekwa Unguja, hoteli ya ufukweni, chini ya Mkuu wa Chakula na Vinywaji, mzee mkali ambaye hakuna mtu aliyewahi kuona meno yake. Huyo alinifundisha mambo ya sauti. Spika inawekwa chini, inaelekezwa kwenye ukuta wako mwenyewe, kamwe si kwenye dirisha la jirani. "Muziki ni kama maji ya kufulia," alikuwa akisema. "Usipoyachimbia njia, yataingia kwa watu." Halafu nikaenda Arusha, nikapanda mpaka Msimamizi wa Usiku. Stashahada niliisomea huko, asubuhi, wenzangu wakiwa wamelala. Mimi kulala hakujawahi kunikaa vizuri.

Niliporudi Kibiti nilikuta mtaa ule wa nyuma ya stendi unajifunga mara baada ya magharibi. Tulikuwa tumepita katika kipindi kigumu cha watu kuvamiwa na kuuawa, kila mtu anakijua, na watu walizoea kuingia ndani mapema. Hofu iliondoka, mazoea yakabaki. Lakini mimi niliona mabasi ya Lindi na Mtwara yakishusha watu wenye njaa, na akina mama wa kamba na kaa kutoka Mbwera, kule kwenye delta, waliovuka hadi Nyamisati kwa boti na kuja kwa gari, wamekaa juu ya matenga yao gizani wakingoja magari ya kuelekea Dar. Hapakuwa na hata chai. Kwa mtu wa fani yangu lile lilikuwa tusi.

Benki ilinisikiliza ikatabasamu. Nikaazima. Bwana Hirji, mwenye duka la vifaa lililoanzishwa na babu yake, alinipa taa na mabati huku akicheka na kunibandika jina la Meneja. "Meneja, heri niziweke taa zangu kwa mtu asiyelala. Zikiibwa, atakuwa wa kwanza kuona." Majirani walinipa viti. Na Shangazi Mwanahawa, dada wa baba yangu, aliyekuwa ametangaza kila msibani kwamba nitashindwa, alinitolea sufuria lake la shughuli, lile la kulisha harusi nzima.

"Unajua mwenyewe," aliniambia. "Chombo cha watu hakirudi kitupu."

Najua. Kwetu ukiazima bakuli unalirudisha na chochote, hata maembe mawili. Kulirudisha tupu ni kusema kwamba halikukufaa kitu, wewe na mwenye bakuli wote mmepata hasara.

Basi mtaa ukaamka. Nilianza na wali, samaki wa kukaanga na chai ya tangawizi. Wakaja wa mishikaki, wakaja wa kahawa, akaja wa kuonyesha mpira, mwisho wa mtaa zikafunguliwa baa mbili. Vijana wakaleta spika kubwa kama kabati. Watu wakawa wanatoka mpaka vijiji vya mbali kuja kukaa kwetu. Nasema bila haya kwamba mji huu haukuwa na usiku kabla yangu.

Ndipo ikaja rasimu ya sheria ndogo ya halmashauri: biashara zote za mtaa ule zifungwe saa nne usiku. Iliambatana na malalamiko ya majirani. Jina la kwanza lilikuwa la Shangazi Mwanahawa, ambaye nyumba yake imepeana mgongo na mtaa. Nilikwenda kwake nimefura. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso.

"Sufuria nilikupa, mwanangu," alisema. "Usingizi sikukupa."

Nikarudi kwenye jiko langu. Wiki ile ile karani wa Bwana Hirji alipita mtaani akizihesabu taa moja moja. Nilimwelewa. Tukifunga saa nne, watu wa boti hawatatukuta, na bila wao ningerudisha kila kitu kama nilivyokichukua. Taa, viti, mabati, sufuria, vyote vitupu. Waliosema sitaweza wangevipokea wenyewe mlangoni.

Siku ya kikao cha Kamati ya halmashauri kuijadili rasimu, Afisa Biashara, kijana mstaarabu wa kutoka bara, alieleza kwamba alikagua mtaa wiki nzima na baada ya saa nne hakukuta wateja wa chakula. Alisema kweli. Ila alikuja wiki ambayo boti zilikuwa zinafika mchana. Boti ya Mbwera haifuati saa ya ukutani. Inangoja maji yajae mtoni, na maji kila siku yanachelewa kuliko jana. Wiki hii abiria wanafika Kibiti alasiri, nyingine wanafika usiku mkubwa.

Nilisimama nikamgeukia Mwenyekiti wa Kamati, mzaliwa wa delta.

"Mheshimiwa, mama yako akitoka Mbwera anafika hapa saa ngapi?"

Alikuna kidevu. "Inategemea maji."

"Basi na sheria itegemee maji."

Ukumbi ulicheka, nami nikadhani nimeshamaliza. Afisa Biashara hakucheka. "Bwana Meneja, sheria haiwezi kupwa na kujaa," alisema. "Leo tukiruhusu jiko, kesho spika itajificha nyuma ya jiko."

Sauti ikatoka nyuma. Shangazi Mwanahawa alikuwa amesimama, ameshika ukuta. Alisema yeye ameishi na majiko tangu azaliwe na hajawahi kuamshwa na sufuria. "Yanayoninyima usingizi ni yale makabati yao yanayoimba. Watu wa Mbwera waacheni wale."

Nikashika hapo hapo, kama nilivyofundishwa kumfikia mteja kabla hajainua mkono. Nilisema: saa nne muziki ulale, jiko likeshe. Spika zote nitazigeuza mwenyewe. Kamati ikakubali kwa majaribio.

Vijana wa muziki walinitukana. Waliniita msaliti na mengine nisiyoyaandika. Lakini niliingia banda kwa banda, nikashusha spika, nikazielekeza ukutani, nikawaonyesha kwamba mteja anasikia na jirani hasikii. Saa nne ikifika nilipita mwenyewe. Kuna aliyegoma, nilisimama mlangoni kwake na sahani yangu mkononi, nakula polepole, mpaka akazima.

Yule Afisa alihamishwa. Akaja mwingine na rasimu ile ile, akaja mwingine tena. Kila mara nilikwenda kueleza habari za maji upya, mwanzo mpaka mwisho. Msidhani imekwisha. Mtaa wa usiku hautetewi mara moja ukalala. Ukilala wewe, unafungwa.

Magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Binti yangu akashika jiko, lakini nilijiapiza kwamba sitaitwa mstaafu nikiwa na cha mtu. Siku moja nikazunguka na mkokoteni. Bwana Hirji alipata taa mpya, na juu yake tenga la kaa kwa ajili ya karani wake, maana yeye mwenyewe hali nyama wala samaki. Kila kiti kilirudi na kitu juu yake. Mwisho nikabisha kwa Shangazi, sufuria limejaa pilau mpaka mfuniko hautulii.

Alifunua, akanusa, akatia kijiko. Nilingoja aseme kwamba wote walikosea, yeye wa kwanza. Badala yake alipakua sahani akaniwekea mimi, nami nikaanza kula nimesimama mlangoni, kama siku zote.

"Miaka yote hii nakuona dirishani unakula kama punda," alisema. "Leo hudaiwi. Kaa."

Nikakaa mkekani. Nje gari la Nyamisati likapiga honi, watu wa boti wamefika, miguu yangu ikaanza kuinuka yenyewe.

"Kaa," akasema Shangazi, akaniongezea pilau.